Miaka Mitano Mara Mbili

Pale chuo cha ufundi walimwita Dada Mizani, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtunza maabara ya fizikia, mwaka wake wa kumi na saba. Shule aliiachia njiani, lakini masikio yalikuwa wazi. Walimu walikuja wakaondoka, yeye akabaki amesimama nyuma ya darasa na koti lake jeupe, anasikiliza. Ukimwambia jiwe limeachiwa kutoka juu ya kabati, atakutajia litagusa sakafu baada ya muda gani, na saa itamuunga mkono. Wanafunzi waliokwama kwenye hesabu za nguvu na mchapuko walimfuata yeye kabla ya kumfuata mwalimu. Basi akavimba kichwa, na nani asingevimba?

Ubaya wa kujifunza kwa kusikiliza nyuma ya darasa ni kwamba huulizwi swali. Hakuna anayekusahihishia daftari. Unaweza kukaa na kosa lako miaka kumi na saba, umelilea vizuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona.

Siku moja mkuu wa chuo alimkuta Dada Mizani stoo ya chuo, akapiga chafya mara tatu, akasema, "Wakaguzi wanakuja wiki ijayo. Hii ni aibu. Takataka zote zitoke."

"Zote, mkuu?"

"Sitaki kuona hata msumari uliopinda."

Chini kabisa, nyuma ya injini iliyopasuliwa kwa ajili ya mafunzo, kulikuwa na chungu kizito cha madini ya risasi, kina alama ya manjano ya kutahadharisha mionzi. Kilikuwa mali ya idara ya uchomeleaji. Ndani yake mlikuwa na kipande cha metali inayotoa mionzi, si kikubwa kuliko punje ya harage, walichokitumia kupiga picha za ndani ya vyuma ili waone kama kiungo kina ufa. Mashine ilipoharibika, fundi wake akastaafu, na chungu kikasukumwa stoo. Ndiyo tabia yetu, jamani! Kitu kikitushinda tunakisukuma chini ya meza, halafu tunasema tumepanga.

Dada Mizani hakuwa mzembe, nataka hilo lieleweke. Mzembe angekitupa bila kusoma. Yeye alifuta vumbi kwa ncha ya koti akasoma kibandiko: nusu-maisha, miaka mitano. Akatazama tarehe kilipoletwa. Miaka kumi na miezi miwili.

Akacheka peke yake. Mwalimu wa zamani alikuwa akisoma kwa imla sentensi hiyohiyo kila mwaka: nusu-maisha ni muda ambao nusu ya viini vya atomu huvunjika. Nukta. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, kwaheri. Basi miaka mitano ya kwanza imekula nusu, miaka mitano ya pili imekula nusu nyingine. Mshumaa ukiisha nusu kwa saa moja, saa ya pili si unaisha wote? Hesabu ya mtoto mdogo hiyo. Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika juu ya kibandiko: IMEKWISHA. Akatia sahihi na tarehe, kwa sababu yeye ni mtu wa utaratibu.

Kisha akampigia simu mdogo wake.

Huyu kila mtu alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao. Baba alipofariki alikuwa bado anatambaa, na dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kuhesabu, akamchapa alipostahili. Sasa alikuwa kijana wa miraba minne, anakusanya vyuma chakavu kwa mkokoteni na kulala hukohuko kwenye kibanda cha yadi yake, asiibiwe. Mtu wa vituko, haishi maneno.

"Dada, hii alama ya manjano haitanitoa nywele?" aliuliza akikizunguka chungu.

"Miaka kumi iliyopita ingekutoa hata meno. Sasa ni chuma tu. Nimeshapiga hesabu."

"Basi ukishapiga wewe, mimi nani nibishe?" Akakiinua kwa mikono miwili huku akiguna, akakitua kwenye mkokoteni. "Mgongo wangu! Ukisikia nimepinda, ujue ni sayansi yako."

Wiki ile Kitinda alilalamika kwa simu kwamba anatapika. Dada akamgombeza: anakula ovyo, hanawi mikono, atajiua kwa uchafu. Akamtumia dawa ya tumbo. Wakaguzi wakaja, wakasifu stoo, wakaondoka.

Siku ya kumi na moja tangu chungu kitoke, mwalimu mpya wa fizikia, binti mdogo mwenye sauti kubwa, alimwomba akate vipande sitini na vinne vya mbao, bapa, kila kimoja akipake rangi nyekundu upande mmoja. Akavileta darasani ndani ya ndoo, akasimama mahali pake pa siku zote.

"Kila kipande ni kiini kimoja cha atomu," mwalimu alisema. "Kikianguka na wekundu juu, kimevunjika, tunakitoa. Mwageni!"

Vipande vikamwagika mezani kwa kishindo. Wanafunzi wakatoa vyekundu, wakahesabu vilivyobaki: thelathini na tatu.

"Nusu-maisha moja imepita. Tena!"

Wakavizoa, wakavimwaga tena. Dada Mizani alikuwa ameshashika ndoo akingoja kukusanya vifaa, maana mchezo si umekwisha? Hesabu ikatajwa: kumi na sita. Akadhani wamekosea. Akasogea mbele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kipindi kikiendelea, akahesabu mwenyewe kwa kidole. Kumi na sita. Vimelala pale mezani, vizima kabisa.

"Kila mara ni nusu ya kilichobaki," mwalimu alikuwa akieleza. "Si nusu ya kile cha mwanzo. Watu wengi huteleza hapo."

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kiini kinajuaje kwamba zamu yake imefika?"

"Hakijui. Jiwe likianguka naweza kukutajia litakapotua. Kiini kimoja siwezi, na si kwa sababu vipimo vyangu ni vibovu. Hakuna zamu. Kimoja kitavunjika leo, jirani yake atakaa miaka mia, na hakuna kitu ndani yao kinachowatofautisha. Tunachojua ni hesabu ya kundi."

Ndoo ikamtoka mkononi. Robo nzima! Robo nzima ya ule moto bado ilikuwa ndani ya chungu siku alipokitoa. Hakumuaga mtu. Alitoka mbio na koti lake jeupe hadi yadi ya mdogo wake.

Alimkuta Kitinda amelala kibandani, midomo imekauka, nywele zimebaki juu ya mto. Suruali ameivua. Paja la kulia lilikuwa limeiva na kutoka malengelenge makubwa kama kiganja.

"Chungu kiko wapi?"

"Nilikipasua. Risasi hiyo hapo nje."

"Na kile cha ndani?"

Kijana akatabasamu kwa shida, akaonyesha kwa kidevu. Kwenye msumari ukutani ulining'inia mkufu wa funguo, na kati ya funguo kipande kidogo kinachong'aa, amekizungushia kibati chenye tundu, akakifunga vizuri. "Kilikuwa kizuri, dada. Nikakiweka mfukoni."

Dada Mizani alikitoa kwa koleo refu, akakitupa kwenye kipande cha chungu, akakifukia kwa mapande yote ya risasi aliyoyaona. Akamburura mdogo wake nje. Akawapigia kelele majirani wakimbie, nao wakadhani amerukwa na akili.

Hospitali ilimweka Kitinda katika chumba cha peke yake, na aliyetaka kuingia alivaa barakoa. Daktari alikuwa mtu wa kusema ukweli. Kwa mionzi aliyopata, alisema, nusu ya watu hupona na nusu hufariki ndani ya miezi miwili.

"Na huyu?" dada aliuliza.

Daktari akainua mabega. Dada Mizani hakurudia swali.

Alimweleza Kitinda yote, hakuficha kitu.

"Watakufunga," Kitinda alisema. "Na mama atamtegemea nani? Mimi nimeshamwambia afisa wa mionzi aliyepita asubuhi kwamba niliingia stoo nikakiiba. Usinifanye mwongo."

"Kitinda, siwezi."

"Unaweza. Nyamaza tu."

Akanyamaza. Afisa aliporudi na fomu zake, dada alinyamaza. Kibandiko chenye sahihi yake kilikuwa kimechunwa na kuchomwa siku chungu kilipopasuliwa, na mkuu wa chuo alifurahi mno kupata mwizi. Kazi ya dada ikasalimika. Siku ya thelathini na nne, saa nne asubuhi, Kitinda alikata roho.

Waliokuja kuzika hawakufika ishirini. Wengine waliogopa mionzi, na wengine hawakutaka kumlilia mwizi. Hayo waliyasema uani bila hata kupunguza sauti, na mama mtu aliyasikia yote. Wageni walipotawanyika akamwita binti yake ndani, akarudisha mlango.

"Nilimzaa wa mwisho nikamharibu kwa kumdekeza," alisema. "Niambie mwanangu, wewe ndiye mwenye elimu hapa. Ni kweli aliwaibia?"

Dada Mizani alikaa chini sakafuni, akashika miguu ya mama yake.

"Hakuiba, mama. Nilimpa mimi. Nilimwambia kimekwisha."

Mama akaivuta miguu yake taratibu, mmoja baada ya mwingine, akaikunja chini ya kanga.