Jina la Jasho

Kabla Djamila hajafungua mlango wake ng'ambo ya uwanja, Chadia alikuwa ameshatoa matela yake ya kulalia nje na kuiegemeza nyuma ya choo, upande uliolowa ukitazama jua. Shuka alikuwa ameshaikamua. Ilitoa maji kama imetoka mtoni. Kisha akawasha moto, akakaanga mikate ya kuuza, ambayo ilizidi kuwa midogo kila unga ulipopanda bei, akamwachia jirani beseni na kwenda kituo cha afya.

Alikwenda kutafuta karatasi. Zamu yake ilikuwa inaanza usiku huo, na katika nyumba ya wake wawili mume hula anapolala: samaki, mafuta na mchele huingia kwa mwenye zamu. Zamu iliyopita Mahamudu alishtuka usingizini akakuta amelala kwenye maji. Akachukua mto wake, akavuka uwanja kwenda kwa Djamila, mke mdogo. Asubuhi alisema bila ukali, maana kaka yake alikufa kwa kifua kikuu kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kabambare:

"Lete karatasi ya docteur. Kama ni kifua, utalala peke yako."

Chadia hakuona wivu. Wivu unataka nguvu, na zake zilikuwa zinaishia kwenye kubeba matela.

Pale kituoni, Jean-Baptiste wa mapokezi alilifunua daftari la matibabu la Chadia, akalifunga.

"Imejaa, mama. Ununue ingine."

"Huku chini nafasi iko."

"Huku chini ni ya sinyatire, docteur anawekaka jina lake."

Madaftari mapya yalikuwa kwenye droo yake mwenyewe. Chadia akanunua. Kusoma Kifaransa hakujua, ila neno moja, maralia, kwa kuwa lilikuwa katika kila ukurasa wa daftari la zamani. Tangu mwezi wa Ramadhani alikuwa ametibiwa maralia mara tano, na mara tano matela ilikuwa imerudi nyuma ya choo.

Alikaa kwenye benchi mpaka jua likamfikia miguuni. Clovis, nesi kijana ambaye mtaa mzima ulimwita docteur, aliwapokea wagonjwa mlango ukiwa wazi. Siri ya kila mtu ilipita benchini kabla ya kuingia kwenye daftari.

"Unasikia nini, mama?"

"Jasho. Usiku. Moto inapanda huku kwa kifua, inafika kwa kichwa, kisha maji tu."

"Unakohoaka?"

"Hapana."

"Umekonda?"

"Uniangalie wewe mwenyewe."

Clovis akamchoma kidole, akadondosha damu kwenye kipimo cha maralia. Wakasubiri mstari wa pili. Haukutokea.

"Uko na miaka ngapi?"

"Makumi ine na munane."

Clovis akainamisha macho. Mama yake mzazi alikuwa wa umri huo. Kulikuwa na swali alilofundishwa shuleni kwa Kifaransa, na Kiswahili chake hakuthubutu kukitamka mbele ya mtu wa kumwita mama.

"Mama... regle iko bado?"

Regle aliyoijua Chadia ni rula ya kupigia mistari. Sasa docteur anataka kupima nini?

"Iko. Ya mbao. Lakini ni ya mutoto wangu, Feza. Anaendaka nayo masomo."

Benchi zima likacheka. Mwanamume mmoja mwenye bendeji alicheka mpaka akaushika mguu wake. Chadia naye akatabasamu, asijue anatabasamia nini. Clovis hakucheka. Aliinamia daftari jipya na kuandika haraka, na Chadia akalitambua lile neno likiwa kichwa chini.

"Maralia? Na kipimo kimekataa?"

"Kipimo kinadanganyaka, mama."

"Basi uniandikie tu, haiko kifua."

"Mi siandikake kitu chenye haiko. Naandika chenye iko. Kitabu cha registre iko na kolone, nafasi ya kuandika ugonjwa, na kolone ya jasho haiko. Nikiacha nafasi tupu, bakubwa ba zone ya afya watanipigia makelele."

Akampa pakiti ya vidonge ishirini na vinne. Vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Chadia alijua hesabu hiyo kuliko yeye.

Penye bomba, nje, hatua chache kutoka benchi, mama Ernestine alikuwa anafua mashuka ya maternite. Alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, na ndiye aliyempokea Feza.

"Mama Feza, njoo hapa. Regle njo mwezi. Alikuwa anakuuliza kama unaonaka mwezi bado."

Chadia akasimama na pakiti mkononi. Mwezi? Alikuwa ameacha kuuhesabu. Ulipita kabla ya Ramadhani, haukurudi tena.

"Haiko ugonjwa," Ernestine alisema, akikamua. "Ni mwili unafunga kazi. Mimi nilitoka jasho miaka ine. Ulale na kitenge chepesi. Maji iwe karibu na kitanda, dirisha wazi. Pilipili na chai ya moto mangaribi, uache. Haiuwe mutu. Rudia kwa ule kijana, mwambie aandike vile."

Miezi yote hiyo Chadia alikuwa akijizika kimyakimya, akihesabu nani atamlea Feza. Kumbe hafi. Alifurahi, na furaha ikamfikisha hatua tatu tu kuelekea mlango wa Clovis.

Alimkumbuka mama Kassimu, jirani yake. Yeye aliusema ukweli huo kwa mumewe. Mume akamjibu kwa upole, "Basi upumzike sasa." Tangu siku hiyo anapumzika: zamu hana, na chakula humfikia wake wenzake wakikumbuka.

Mgonjwa hungojwa apone. Mzee anangojewa nini?

Chadia akageuka, akaenda nyumbani na daftari lenye maralia; hiyo ndiyo karatasi yake.

Mahamudu alikuja baada ya sala ya alasiri. Djamila alikuwa amesimama mlangoni kwake, anachambua mchele ambao haukuhitaji kuchambuliwa. Mahamudu aliusoma ukurasa wa daftari, akausoma tena, na mabega yake yakashuka.

"Kumbe maralia tu!"

"Maralia tu."

"Ulinitisha, mama Feza. Nilisema ni ile ya kaka." Akatundika samaki kwenye msumari wa mlango wa Chadia. "Dawa iko wapi? Kunywa nione."

Chadia akachota maji. Kidonge cha kwanza kilikuwa kichungu, cha pili kikakwama akakisukuma kwa maji mengi. Mahamudu alisimama akitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayempenda, jambo ambalo halikurahisisha chochote. Akameza cha tatu.

"Na ikirudi tena?"

"Itarudi," Chadia alisema. "Maralia ya huku haiishake."

Mahamudu akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa hakuna mtu mjini Kasongo asiyelijua hilo. Chadia akameza cha nne.