Alama za Vidole Zimepita

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumatatu moja ya mwaka 2011, Joséline aliweka kadi yake kwenye geti nalo likakataa kufunguka. Alikuwa Mrundi, msafishaji wa ghorofa ya nne katika ofisi moja ya serikali katikati ya Johannesburg. Pacifique, Mkongo wa kampuni ya ulinzi aliyetoa kadi za kuingilia, aliangalia kompyuta.

"Mama Chloé, kibali chako kimekwisha. Wanakuchunguza upya. Alama za vidole zimepita. Jalada bado."

"Sasa nifanye nini?"

"Mikono inaruhusiwa."

Joséline aliiegemeza mikono juu ya geti. Ikachomoka kwenye vifundo, bila damu, ikashuka upande wa ndani. Pacifique akaipatia mikono kadi yake yenyewe. Ilipanda kwa ngazi, maana haikufikia kitufe cha lifti.

Saa kumi na nusu ilirudi inanuka dawa ya choo. Joséline akaivaa, akaenda nyumbani Joubert Park.

Ikawa hivyo kila siku. Msimamizi alisema kazi imekuwa safi zaidi, kwa kuwa mikono haiongei wala haiendi kunywa chai. Mchana Joséline alikaa pembeni mwa meza ya Tabia, Mtanzania aliyeuza ndizi na soksi. Tabia alimlisha mkate na kumfuta pua mafua yalipomshika.

Baada ya miezi saba jibu lilitoka. Pacifique alimsomea.

"Lazima ufike Pretoria mwenyewe, utie sahihi."

"Lini?"

"Siku za kazi, saa mbili mpaka saa tisa."

"Saa hizo mikono iko juu."

"Najua, mama."

Pacifique alimpigia msimamizi simu kumwombea Joséline siku moja. Msimamizi alijibu kwamba mikono ikikosa siku, kadi yake itafungwa, na kuna wengine wanaongoja. Akakata simu. Akaiongezea kadi ya mikono miaka mitano, kwa kuwa hilo aliliweza. Kwenye jalada la Joséline akaandika kwamba mhusika hakufika.

"Asante," Joséline akasema.

Saa nane alikwenda kumchukua Chloé chekechea. Mtoto alikuwa na miaka minne, na alimsimulia mama yake habari za shule kwa Kizulu. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, walisimama kungoja ya kijani.

"Shika gauni," Joséline akamwambia.

Chloé akalishika kwa mikono yote miwili, wakavuka.