Uzito wa Wamama wa Depo

Kila siku saa moja kasoro robo asubuhi, wamama thelathini na wawili walipanga mstari mbele ya depo ya kahawa ya patron Lusenge, kule Butembo, ili wapimwe. Mizani ilikuwa ile ile ya magunia, ya chuma, yenye kibao cha kukanyagia. Kapita Esdras, msimamizi wao, alisoma kilo, karani akaandika. Jioni walipimwa tena. Mama aliyetoka mzito kuliko alivyoingia alikuwa na kahawa ndani ya kitenge, na aliilipa. Hivyo ndivyo patron alivyolinda mali yake, na katika miaka yote ya vita hakuwa amepoteza hata kopo moja la kahawa.

Mama kutoka mwepesi lilikuwa jambo ambalo daftari la karani halikulijua. Jumatatu moja ya mwezi wa tano, Jokébed aliingia na kilo sitini na moja, akatoka na sitini. Kapita alimshusha, akamrudisha juu ya kibao. Sitini.

“Ulienda ku choo?”

“Hapana, kapita.”

“Basi shuka.”

Karani aliuliza ataandika wapi, maana hapakuwa na mstari wa jambo hilo. Kapita akamwambia achore. Akachora kwa rula, wino wa buluu, na kazi ikaendelea.

Kufika Jumamosi wamama wote walikuwa wanapungua, mmoja nusu kilo, mwingine kilo nzima kwa siku. Magunia nayo, yaliyojazwa kwa kipimo kile kile cha kilo sitini, yalipima sitini na mbili, halafu sitini na nne, bila mtu kuongeza hata punje. Nani atahitaji kuelezwa kilo zilikokwenda? Patron Lusenge alikuja mwenyewe, akapima magunia matatu, akasema, “Iko muzuri,” kisha akamwagiza dereva wa lori la Kasindi, mpakani, atie springi mpya. Wanunuzi wa ng’ambo ya mpaka walisema kahawa ya Butembo mwaka huo imeshiba, wakapandisha bei. Mshahara wa wamama ulibaki franga themanini kwa siku.

Franga themanini zilinunua kopo la maharagi bila chumvi, au chumvi na mafuta bila maharagi. Mtu achague. Ndiyo maana binti yake Jokébed, Providence, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa Kamango kwa mama mdogo wake, kule kwenye mihogo na ndizi, karibu na Uganda. Walikubaliana akae msimu mmoja tu, ashibe, arudi. Lakini Kamango askari walikuwa wanabadilishana kama zamu ya walinzi: leo hawa, kesho wale, na kila kundi likija linauliza nani aliwapikia waliotangulia. Kila dereva aliyetoka upande wa Beni alikuwa na habari mbaya kuliko za mwenzake.

Jokébed hakutulia. Alichambua kahawa huku miguu inacheza chini ya benchi. Lori likinguruma barabarani, yeye ametoka, anauliza, “Kamango kuko aje?” na kapita anamkatia robo saa. Alikuwa amepiga hesabu mpaka kichwa kikauma. Kwa franga themanini, nauli ya mtoto ingepatikana na chakula chake kisingepatikana. Kwa franga mia moja na hamsini, Providence angekuwa nyumbani kabla shule hazijafunguliwa. Si zaidi ya hapo. Mama wa watu hakuomba gari.

Basi redio iliposema kwamba wakubwa wa Beni, waliotawala sehemu ile wakati huo, wanatuma tume kujadili smig, yaani mshahara wa chini kabisa ambao patron yeyote hawezi kushuka chini yake, Jokébed alipiga goti hapo hapo kwenye maganda ya kahawa, akasali, akainuka kujipangusa. Aliinuka juu kidogo kuliko alivyokusudia. Siku hizo alikuwa na kilo arobaini, na ilibidi kujishika.

Wepesi huo una shida zake, na aliyepanda vilima vya Butembo anazijua: upepo. Saa tisa upepo ukishuka, mama mwepesi anaweza kujikuta kwenye uzio wa jirani. Wamama wakashona mifuko mirefu ya turubai, wakaijaza mawe, wakaifunga kiunoni chini ya vitenge. Walikuwa wamezoea kubeba gunia la mihogo kwa kamba ya paji la uso tangu wakiwa wasichana. Mawe ya kiunoni yangewashinda kwa lipi? Wakifika depo waliyavua, wakayapanga ukutani, kila mmoja na fungu lake, ndipo wakapimwa.

Tume ilifika Alhamisi, watu watano na jeep. Mkuu wao aliitwa monsieur Timothée, aliyekuwa mwalimu wa jiografia kabla ya vita, mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni. Meza ililetwa, ikawekwa katikati ya magunia, na mjadala ukaanza saa mbili na nusu.

“Mi sikatai,” alisema patron Lusenge. “Mais, tuongee kweli. Kutoka hapa mpaka Kasindi kuko barrière kumi na ine za askari, na kila barrière inakula. Nikiongeza franga ya bamama, ninafunga depo. Donc banataka themanini, ao banataka zéro?”

Tume iliandika. Hoja hiyo ilikuwa nzito.

Rébecca akasimama. Ndiye waliyemchagua awasemee, mama wa kwaya, mwenye sauti ya kufika barabarani. “Patron, kilo zetu zinaingia mu magunia yako, na unaziuzisha. Tulipe hata zile.”

“Mama Rébecca, kilo yenye haiko na mbegu ndani, ile haiko kahawa.”

Hapo tume ikaona pa kushika. Mpaka saa sita walijadili kama kilo ya mama ihesabiwe kahawa ya daraja la kwanza au la pili. Mjumbe mmoja akasema sheria ya smig ipo tayari, ilitungwa Kinshasa. Mwingine akamjibu kwamba Kinshasa ni adui, na kulipa watu kwa kipimo cha adui ni uhaini. Wote walikubaliana kwamba uhaini ni mbaya. Wakala mchana, mbuzi na fufu, kwa gharama ya patron.

Jioni monsieur Timothée akasema tume haiwezi kuamua kwa maneno. “Kesho asubuhi tutapima bamama bote, siye wenyewe. Kama kweli banapunguka namna ile, mushahara itapanda mia moja na makumi tano. Nasema mbele ya bote.”

Mia moja na hamsini!  Jokébed alimshika Rébecca mkono, wakatoka nje wote thelathini na wawili, wakapanga. Ilikuwa rahisi. Kesho mtu asile kitu. Mtu avae kitenge kimoja, kilichochakaa. Mawe yaachwe nyumbani. Wenye kilo chache zaidi watashikwa mikono na wenzao njiani. Mizani itasema yenyewe.

“Tumepatana?” aliuliza Rébecca.

“Tumepatana!”

Sasa, sikiliza. Huku kwetu mgeni akija, hata kama usiku ule ulilala na maji tu, unatoa kiti kizuri, unavaa kizuri, unasema tuko salama. Hakuna aliyefundishwa; mtu anazaliwa nalo. Asubuhi ile Jokébed alisimama mbele ya kitenge chake kilichochakaa, akakitazama kitobo cha nyuma. Wanaume watano kutoka Beni, na jeep. Akajiambia wenzake thelathini na mmoja watakuja walivyopatana, hao wanatosha, yeye mmoja akijisitiri kidogo hataharibu kitu. Akavaa kitenge cha kwaya. Akaongeza cha pili juu yake, kwa sababu cha kwanza kilimpwaya na kuonyesha mifupa. Akatia na cha tatu, cha kufunga mabega. Kilo tatu za vitambaa, na bado alijiona uchi.

Halafu akafikiria kibao cha mizani. Apande mbele ya watu wazima, wasome kilo thelathini na tisa, kama mbuzi wa sikukuu? Akaufunga mfuko wa mawe kiunoni. Alijua anaharibu nauli ya nani. Providence alikuwa kwenye vidole vyake wakati anakaza fundo, na alilikaza. Ni haya iliyomfanya avae hivyo, na haya ikishika mtu mzima haina adabu hata kidogo.

Alipofika depo aliwakuta wote thelathini na mmoja wamependeza kama Pasaka. Hakuna aliyemtazama mwenzake machoni. Hakuna aliyekwenda ukutani kuvua mawe.

Mama wa kwanza alipima sitini na sita. Wa pili, sitini na moja. Jokébed, sitini na nne. Miezi miwili nyuma, alipokuwa mzima, alikuwa na sitini na moja. Rébecca, kwa kuwa yeye ndiye msemaji na alitaka kustahili, alipima themanini na mbili. Monsieur Timothée alisoma kila namba kwa sauti, akaandika kwa kalamu ya kijani.

“Lakini bamama bananenepa,” alisema mwishowe, na alifurahi kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. “Patron, pongezi.”

Jokébed alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale, fupi: mawe. Ila angelisema ingebidi afungue vitenge mbele ya wageni na kuonyesha, na juu ya hayo waambiwe wamedanganya serikali. Alimtazama Rébecca. Rébecca alikuwa anatazama sakafu. Kinywa kikajifunga, jeep ikawaka, tume ikaondoka na ripoti yake. Jokébed alichambua kahawa siku ile nzima huku analia bila sauti, na punje zikamlowa mikononi, na kapita akamwambia asiharibu mali.

Ripoti ilirudi na muhuri. Smig ingebaki pale ilipo, franga themanini, kwa kuwa wafanyakazi wako katika hali ya kuongezeka. Kilo zilizopimwa na tume ndizo kilo rasmi za kila mama. Mama atakayefika asubuhi akiwa chini ya kilo rasmi amekanusha serikali, na hatapokelewa kazini.

Kapita Esdras aliwasomea ukutani. “Mumesikia? Mama Providence, sitini na ine. Mama Rébecca, makumi munane na mbili.”

“Aka!” alisema Rébecca. 

Kilo zikazidi kwenda magunia, na wamama wakazidi kutafuta mawe. Mwanzoni waliokota mtoni. Mawe ya mtoni yalipoisha, wakaenda kwa wavunja mawe wa barabara ya Beni, na wale walipoona wamama wanakuja kila asubuhi, walipandisha bei, mara moja, kisha mara ya pili. Haikuletwa meza, na hakuna aliyesafiri kutoka Beni kujadili. Mwezi wa nane Jokébed alikuwa na kilo kumi na moja. Vitenge kilo tatu, mawe yake ya siku ile ishirini na mbili, na kila usiku aliazima mengine ishirini na nane kwa jirani anayejenga, akayarudisha jioni iliyofuata. Kisha jirani akaanza kujenga kweli.

Jioni ile ile Providence alifika kwa miguu.

Kamango ilikuwa imekimbia. Alitoka na kundi la watu, wakatembea siku tatu hadi Beni, wakalala mtaa wa Bungulu kwenye uwanja wa kanisa, dereva mmoja akawahurumia, akawaleta hadi mlango wa mji. Yeye na mama yake mdogo walipotezana njiani. Alikuwa na viatu vya mtu mwingine. Jokébed alikuwa ndiyo kwanza amevua mawe. Alimrukia mtoto wake mlangoni, na mtoto akamdaka, akabaki amempakata.

“Mama, uko mwepesi.”

“Ni kazi, mwana.”

“Nikushushe?”

“Hapana. Ningoje kidogo.” Na alikaa pale, pua kwenye shingo ya mwanawe, akinusa moshi na barabara, akicheka na kulia pamoja. Maharagi ya kesho yangetoka wapi, hakujua. Mawe ya kesho, hakujua. Mtoto alikuwa hai.

Asubuhi walipanga mstari pamoja. Jokébed alipanda mizani na mfuko wake, sindano ikasimama thelathini na sita. Kapita akatikisa kichwa, akaanza kumwonyesha barabara.

“Panda, Provi,” alisema Jokébed.

Providence akapanda na viatu vyake. Sindano ikatembea, ikasimama sitini na nne barabara.

Kapita alitazama sindano, akatazama ripoti ukutani. Haikusema lolote kuhusu kilo ziwe za nani. Akaandika jina moja, franga themanini, akawaelekeza kwenye benchi.

“Nyeusi weka huku,” Jokébed alimwambia binti yake. “Zenye kuvunjika, huku. Usitie hata moja mu mufuko, jioni banapima.”

Mtoto alikuwa na mikono myepesi. Mchana patron Lusenge alipita, akaona sahani yao imejaa kuliko zote, akasema ni jambo jema kuona familia zinaungana tena.

Jioni walipanda mizani pamoja kama walivyoingia. Sitini na mbili. Kapita akamshusha Jokébed, akamrudisha: thelathini na tano. Akampandisha Providence peke yake. Ishirini na saba.

“Kesho mukuje na mawe ya kilo mbili,” alisema kapita. “Moja yako, moja ya mutoto.”

“Ndiyo, kapita,” alijibu Jokébed, akamshika Providence mkono kwa nguvu, maana upepo ulikuwa umeanza.