Vidole vya Daktari Lenard

Hyasinta wa kijiji cha Yakobi alimdharau Daktari Lenard tangu siku ya kwanza. Mtu mzima na shahada zake tatu, katoka chuo kikuu na gari la mradi, halafu anakaa mbele yako akikupungia vidole viwili, kushoto, kulia, nawe uvifuate kwa macho huku ukiikumbuka ajali. Eti utafiti wa tiba ya majeraha ya moyo. Hyasinta alijiuliza kama wazazi wa daktari wanajua ada yao iliishia wapi.

Lakini alikwenda, maana mfa maji haishi kutapatapa. Tangu lori la viazi lilipopinduka karibu na Makambako na kumwua dada yake Feliciana ubavuni pake, alikuwa hawezi kupanda gari lolote. Viazi vyake walanguzi walivifuata shambani, wakavijaza lumbesa, magunia ya kufurika, kwa bei waliyoitaka wao. Alitaka jambo moja tu: apande gari, afike mwenyewe sokoni Makambako.

Na la kuudhi ni kwamba vidole vilianza kufanya kazi. Kufikia mara ya tatu, sauti ya Feliciana akiita ilikuwa imesogea mbali kidogo.

"Sasa, mama," daktari akauliza, kalamu mkononi, "kutoka sifuri hadi kumi, hofu imebaki ngapi?"

Ilibaki nane. Lakini kwao, mgeni aliyehangaika kwa ajili yako humpi jibu la kumvunja moyo; hata akikuletea gauni lisilokuenea, unasema limekukaa. Hyasinta akasema, "Mbili."

Daktari alifurahi kama aliyeokota pesa. Hakumwambia apande hata bodaboda tuone. Aliandika kwamba amepona, akalifunga faili, akampa doti ya khanga na sabuni. Hofu ya gari kaipima kwa mtu aliyekaa kwenye kiti, naye anaitwa mtafiti!

Mwezi uliofuata wafadhili walikuja Makambako, na Hyasinta akaitwa ukumbini kutoa ushuhuda. Asubuhi alifika kwa miguu stendi ya Njombe, akashika mlango wa kosta ya Makambako, miguu ikagoma. Kosta tatu zikamwacha. Saa tano simu ikaita.

"Kamwene, mama. Wageni wanakusubiri. Nimekuweka kwenye spika wakusikie."

"Niko stendi Njombe, daktari. Nimeshindwa kupanda."

Daktari akacheka kicheko cha watu wa semina. "Mama anatutania. Hebu waambie wageni, sifuri hadi kumi, hofu ni ngapi?"

Hyasinta aliona aibu, na kuliko aibu, hasira: kwake mwenyewe aliyedanganya, na kwa huyu aliyependa kudanganywa.

"Kumi," akasema.

"Mama, labda hujanielewa. Ulisema mbili."

"Nilisema mbili kwa kukuonea huruma. Andika kumi, hapohapo mbele yao. Wakishaondoka, njoo na vidole vyako unimalizie."