Siki ya Msalabani

Kitinda alikuwa akibadilisha foronya kitandani kwa mama yake alipokiona kitambaa. Kilikuwa kimekunjwa vizuri chini ya mto, kina madoa ya waridi, kinanuka dawa ya maumivu. Kumbe kila alipogeuka kuosha kijiko, Mama aliitema dawa humo. Mama alikuwa fundi cherehani. Maisha yake yote alishika pini kwa midomo huku akipiga soga na wateja, kwa hiyo kuficha dawa shavuni hakukumpa shida.

"Mama, hii ni nini?"

"Kitambaa," Mama alisema, macho kayafumba. Kisha maumivu yakamjia, akauma shuka, mishipa ya shingo ikasimama kama kamba. Uvimbe ule wa tumboni haukuwa wa kupona tena, daktari alikwisha sema. Kilichobaki ni kupunguza makali.

Shangazi, aliyeketi dirishani na Biblia mapajani, hakushtuka hata kidogo. Basi naye alijua.

"Mwache wifi yangu abebe msalaba wake," Shangazi alisema. "Hata Bwana walimpa divai yenye manemane ya kupoza maumivu, akaikataa. Wewe mtoto wa juzi ndiye utamlewesha mama yako?"

Kitinda alikuwa mtu wa kunyamaza. Nyumbani walimtania kwamba hata akikanyagwa, yeye ndiye anayeomba radhi. Sasa hakuomba radhi. Alimimina kijiko kingine cha dawa.

"Kwa nini, Mama?"

Mama alihema kwanza. "Kwa ajili ya kaka yako. Tangu aache kusali, nimemwambia Mungu, mateso haya yote nayatoa kwa ajili yake, aokoke. Nikinywa dawa nitakuwa nimerudisha mkono nyuma."

Na kaka mwenyewe alipiga simu kila asubuhi kuuliza kama mama amelala. Hakujua kwamba halali kwa ajili yake.

"Pale mwishoni msalabani Bwana alisema ana kiu," Kitinda alisema polepole. "Wakampa siki kwenye sifongo, akaipokea."

"Hiyo ilikuwa ili Maandiko yatimie," Shangazi alidakia.

"Kiu yenyewe ilikuwa ya kweli, Shangazi. Halafu akasema imekwisha. Hakusema sehemu ya kaka atamalizia mama yake."

"Na Paulo je? Si alisema anatimiliza mwilini mwake yaliyopungua katika mateso ya Kristo? Au huko chuo chenu cha Biblia hamkufika hapo?"

"Hilo silijui vizuri. Lakini Paulo alipigwa kwa sababu alihubiri. Mama anapigwa na uvimbe. Uvimbe haumwokoi mtu."

Mama alifumbua macho.

"Kwa hiyo nimeumia bure?"

Swali hilo ndilo Kitinda aliloliogopa. Alipiga magoti kando ya kitanda, kijiko bado mkononi.

"Sijui, Mama. Najua tu Bwana hakuwa mbali nawe ulipokuwa unauma shuka. Ila kumwokoa kaka si kazi yako. Aliyeifanya alikwisha kuifanya."

Mama alitaka kujibu, lakini maumivu yakamdaka katikati ya neno. Safari hii hakuuma shuka, alilia. Kitinda hakuwahi kumsikia mama yake akilia. Hata Shangazi alisimama, Biblia ikaporomoka, asiiname kuiokota.

Maumivu yalipolegea, Mama aligeuza uso na kufungua mdomo. Kitinda akamnywesha, macho yake kooni mwa Mama.

"Fungua tena, nione."

Mama akaonyesha shavu hili, kisha lile. "Hamna kitu humo. Umekuwa polisi siku hizi."

Wakangoja. Pumzi zake zilianza kurefuka, na vidole vikaachia shuka kimoja kimoja.

"Mpigie kaka yako," alisema kwa sauti nzito. "Mwambie aje tukae tu. Sitamhubiria."

Kitinda alimtazama Shangazi. Shangazi alikuwa bado amenuna, lakini alitia mkono kwenye mkoba, akatoa simu na kumnyooshea.

"Chukua yangu," alisema. "Yako haijawahi kuwa na salio."