Darasa la Bure la Kumsikiliza Mtoto

Mpiga pasi aliegemeza simu kwenye kopo la sukari, akafuta kioo kwa pindo la gauni, akarudi nyuma kuona kama uso wake unaenea. Paji la uso lilikatika. Akaweka kitabu cha hesabu cha bintiye chini ya kopo, ukaenea. Ilikuwa Jumanne, saa kumi na moja jioni kasoro dakika mbili. Masharti ya darasa yalisema uso wa mshiriki uonekane saa nzima. Ukipotea zaidi ya dakika tano, mfumo unaandika hayupo.

Hakujiandikisha kwa kupenda, jamani. Miezi miwili nyuma, jirani mmoja ambaye hajawahi hata kuja kuazima chumvi alikwenda ofisi ya ustawi akasema mtoto wa mpiga pasi hukaa peke yake tangu atoke shule mpaka mama atoke kazini. Ilikuwa kweli. Mashuka ya hospitali hayajipigi pasi yenyewe. Afisa akamchukua Kidoti, binti wa miaka minane mwenye alama nyeusi juu ya mdomo, akampeleka kwa shangazi yake. Baba yake alikuwa ameondoka kutafuta kazi, na bila shaka aliipata kazi ya kutorudi.

"Lete cheti cha malezi umchukue mtoto," afisa alisema. "Darasa ni la mtandaoni, masomo sita. Tena ni bure."

Wahenga walisema rahisi ghali. Kuhusu bure walinyamaza, nadhani kwa woga.

Somo la kwanza lilikuwa kumsikiliza mtoto. Mwezeshaji, mama mwenye sauti ya kubembelezea wagonjwa, alikaa kwenye kisanduku cha juu, na wazazi ishirini kwenye visanduku vya chini yake. Alikuwa akisema, "Mtoto akikuita, acha unachofanya," pale mtoto wa kwanza alipotoka ndani ya simu. Alitanguliza mguu wa kushoto, kamba ya kiatu ikining'inia, akashika kopo la sukari asianguke. Alikuwa wa miaka mitano hivi. Kwenye kisanduku alikotoka, baba yake mwenye miwani aliendelea kuandika anayofundishwa.

"Nimemwita baba mara nne," mtoto alisema. "Nina kiu."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, shuka mezani, utanimwagia sukari."

Alimpa maji, akamfunga kamba. Aliporudi kwenye kiti walikuwa wametoka mapacha waliokuwa wakipigana, na msichana aliyeshindwa hesabu za kugawanya, na mtoto wa kutambaa aliyevutwa mikono na wenzake maana peke yake asingeweza. Mpiga pasi aliamua ugomvi, akagawanya, akabadilisha nepi. Saa kumi na mbili mwezeshaji alipoaga, watoto walipanga foleni wakarudi walikotoka. Mfumo ukaandika: hayupo.

Alimpigia afisa kulalamika. Afisa alisema atamsaidia: somo la sita ndilo lenye mtihani, akionekana saa nzima siku hiyo, mengine watayafumbia macho.

Somo la pili mpiga pasi alinyoosha mkono. "Samahani, watoto wenu wako huku kwangu. Mmoja ana homa."

"Asante sana kwa mchango huo mzuri," mwezeshaji alisema. "Maswali tutayachukua mwishoni."

Mwishoni muda ulikuwa umekwisha.

Somo la tatu alitoka Kidoti. Wifi mtu naye alikuwa amejiandikisha, kwa vile wifi hapitwi na cha bure. Alikuwa kwenye kisanduku cha mstari wa pili, kitambaa cha kijani kichwani, akiitikia kwa kichwa kila lilipotajwa neno ushirikiano. Mtoto alitokea nyuma ya bega lake, akavuka kopo, akasimama jikoni kwa mama yake.

Mpiga pasi alimkumbatia mpaka Kidoti akasema, "Mama, unanibana." Mama mtu alilia, na kwa nini asilie? Yule wa kiu akamletea yeye maji.

"Shangazi hakupigi?"

"Hanipigi. Ananiambia nyamaza, niko darasani. Hata siku ambazo hakuna darasa."

Saa kumi na mbili mpiga pasi alimshika kwa mikono miwili asirudi. Mtoto alimponyoka kama mvuke wa pasi. Jumanne zilizofuata hakujaribu tena, alimpakulia tu chakula mapema.

Siku ya somo la sita aliapa hatainuka kwenye kiti hata nyumba iungue. Watoto walikuwa wamefika kumi na mmoja. Aliwakalisha chini, kila mmoja na kipande cha mkate. "Leo sitaki kusikia kelele. Leo nina mtihani."

Kidoti alitoka wa mwisho, nywele timutimu, kitana mkononi. "Mama, kesho mimi na shangazi tunapigwa picha. Amesema nijichane mwenyewe."

"Ngoja, mwanangu. Mama anasoma."

Somo lilikuwa marudio ya lile la kwanza. Mpiga pasi alikodoa macho, shingo imekakamaa, akijibu maswali kwa kidole. Kidoti aliita mara ya pili. Akaita ya tatu. Mara ya nne mama yake alisema "shh" bila kugeuka. Dakika ya ishirini na mbili mguu wa bintiye ulipita mbele ya uso wake. Mtoto alikuwa amepanda juu ya kopo na anaingia kwenye simu, wala si kwenye kisanduku cha shangazi, bali kwenye kimoja cha pembeni kilichozimwa picha, cha mtu ambaye hakuna aliyemjua. Alikuwa anakwenda kutafuta wa kumchana.

"Mtihani na upotelee mbali!" mpiga pasi alisema, akamdaka kifundo cha mguu, akamvuta.

Alikaa sakafuni, akambana mtoto katikati ya magoti, akaanza kusuka. Mistari kumi. Vidole vyake vina makovu ya moto lakini vina kasi. Saa kumi na mbili ilipofika ilibaki miwili, upande wa kulia.

"Nitaimalizia Jumanne," alisema.

"Haya, mama," Kidoti alisema, akaondoka ameushika upande ule kwa kiganja.

Kesho yake afisa alifungua jalada. "Hukuonekana dakika thelathini na nane."

"Nilikuwa namsuka mwanangu."

"Mwanao yuko kwa shangazi yake."

"Najua aliko. Alitoka kwenye simu."

Afisa aliandika hilo. "Kama alitoka kwenye simu, hayo ni mambo ya mtandao, ofisi hii haihusiki. Wifi yako amehudhuria yote sita, uso haukutikisika. Kwa hiyo mlezi mwenye sifa ni yeye. Wewe jiandikishe tena."

"Nimwone basi, hata nusu saa."

"Ukishapata cheti. Darasa lenyewe ni bure, tatizo liko wapi?"

 Mpiga pasi alijiandikisha tena pale pale, amesimama.

Jumanne aliweka kitabu, akaweka kopo, akaegemeza simu. Kitana kilikuwa mapajani. Alitafuta kitambaa cha kijani kisanduku kwa kisanduku, hakukiona. Aliyehitimu haruhusiwi kurudia.

"Tuanze na picha ya mshiriki wetu bora," mwezeshaji alisema.

Wifi alikuwa ameshika cheti kifuani, mkono mwingine begani kwa Kidoti. Mistari minane ilikuwa imelala vizuri. Upande wa kulia mafungu mawili ya nywele yalikuwa wima, hayajaguswa na mtu.

Mpiga pasi alipeleka kidole kwenye kioo. Kilikuwa kigumu, kama kioo chochote. Picha ikaondolewa, mwezeshaji akatangaza somo la kumsikiliza mtoto, na mguu mdogo bila soksi ukajitokeza kando ya kopo.

"Nimemwita mama mara sita," msichana mgeni alisema. "Nina njaa."

"Shikamoo kwanza," mpiga pasi alisema, akainuka kukata mkate.

Mfumo ukaandika: hayupo.