Ng'ombe wa Octave

Jioni, Kankindi alikuwa jikoni akikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, na barazani mwajiri wake, Bwana Thorley, alikuwa akipiga mashine yake ya kuandikia. Kazi ya Mwingereza huyu ilikuwa kuandika maisha ya waandishi waliokufa. Mshairi ambaye Thorley alikuja Uvira kumwandika, aliyekufa kwa homa tangu zamani za Wabelgiji, alikuwa ameketi kando yake. Kila sura ilipokwisha, marehemu huyo alirudi kidogo: miguu kwanza, kisha tumbo. Ilipokwisha sura ya ndoa akapata kichwa, na neno lake la kwanza likawa kwamba ndagala zina chumvi nyingi. Haya, mgeni ni mgeni. Kankindi akapunguza chumvi.

Ulikuwa mwaka wa uasi. Octave, mume wa Kankindi, alikuwa amekamatwa na wenye bunduki, na hakuna aliyesema yuko wapi.

"Patro," Kankindi alisema akiweka sahani, "na minye iko na mutu. Bwana yangu Octave, walimukamata ku Runingu. Umuandike na yeye, arudi. Hata paji moja tu ya kitabu."

"Aliacha barua?"

"Hakusoma."

"Basi nieleze maisha yake."

Kankindi alikuwa mtu wa Rurambo, na kule mwanaume huelezwa kwa ng'ombe wake. Akawataja: Bihogo aliyezaa mapacha, Sine aliyevuka mto na mafuriko, Gaju aliyekataa kukamwa ila kwa mkono wa Octave. Alieleza vizuri mpaka machozi ya furaha yakamtoka. Thorley aliandika yote, neno kwa neno.

Alfajiri ua ulijaa ng'ombe, wazima, na pembe zao. Chini ya Gaju palikuwa na mkono wa Octave, mpaka kiwiko tu, ukikama.

"Yoo, minye mujinga!" Kankindi alilia. "Nilisema ngombe, mutu nikamusahau!"

Akamkimbilia Thorley: aandike tena, aandike uso, aandike mdomo. Thorley alikuwa akifunga sanduku. Mshairi alikwisha panda boti ya Bujumbura, akilalamikia jua.

"Pole sana, mama. Kitabu kimekwisha."

Asubuhi hiyohiyo wenye bunduki walifika. Walisema hao ni ng'ombe wa muasi, wakawaswaga wote. Mkono waliutazama, wakauacha.

Kankindi aliuosha, akaupakata. Ulikuwa bado unafumba na kufumbua, ukitafuta chuchu. Akaupa kidole chake, ukakikama mpaka giza likaingia.